Wiki nane kiwandani: niliyowaambia wanafunzi wa uinjinia pale Tororo

Baadhi yenu mliomba niwaandikie haya maneno kwa sababu mvua ilipiga mabati ya ukumbi karibu nusu ya wakati na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri. Nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, nikaongeza kidogo pale muda uliponibana.

Walimu wetu shikamooni. Vijana hamjambo. Nawashukuru sana kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwamba mmejaa hivi wakati mitihani bado iko mbele yenu.

Mimi nina jambo moja tu la kuwaambia leo, nitalizungusha pande zote lakini ni lile lile. Intanshipu yenu, haya mafunzo ya kazi kiwandani, ni fupi mno. Msiende kule mkitafuta kuona kila kitu. Chagua kitu kimoja kidogo, kijue mpaka ndani, alafu ondoka ukikiacha kikiwa na afadhali kuliko ulivyokikuta. Basi.

Sasa tuhesabu huo muda maana watu hawauhesabu. Mnaambiwa wiki nane, wengine kumi, kuanzia Juni mkimaliza mitihani. Wiki ya kwanza inakwisha getini na ofisini, unasubiri pasi, unatafuta ovaroli na viatu vya chuma mbele, unaonyeshwa choo kiko wapi na pa kukusanyika moto ukitokea. Juni yenyewe ina sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 na ya Mashujaa tarehe 9. Kuna siku mwalimu wako anakuja kukukagua, siku hiyo hufanyi kitu unamsubiri tu na logibuku, daftari lako la kazi za kila siku, mkononi. Wiki ya mwisho unaandika ripoti. Toa hizo zote, unabaki na kama wiki sita, na kwenye hizo sita kuna mashine itakayoharibika na watu hawatakuwa na muda wa kukutazama, na kuna siku umeme utakatika mkakaa tu. Kwa hiyo ukija na mpango wa kujua kiwanda kizima, tanuri, vinu, kompresa, maabara, jenereta, upakiaji, nakwambia kweli utazunguka kila wiki idara mpya, utashika madaftari mengi, na utatoka hujashika spana hata moja kwa uhakika.

Mimi nakaa kwenye usaili wa vijana wanaoomba kazi, na haya nimeyaona tena na tena. Kijana anakuja, CV imepangwa vizuri, imeandikwa alishiriki katika matengenezo ya mitambo mbalimbali. Namuuliza, mtambo upi? Anasema mingi tu. Namwambia nichagulie mmoja. Anachagua konveya. Mota yake ilikuwa kilowati ngapi? Kimya. Ilikuwa na giabokisi au mkanda? Kimya. Ilipokuwa ikisimama, ilikuwa inasimama kwa sababu gani? Anatazama meza. Na huyu kijana si mjinga, alama zake ni nzuri kuliko za wengi wetu tuliokaa upande huu wa meza, ila hakuna mtu aliyemwambia asimame mahali pamoja. Alafu anakuja mwingine, chuo cha kawaida, anasema mimi nilikuwa na pampu moja tu, akianza kueleza hiyo pampu tunasahau hata maswali tuliyoandika, anachora kwenye karatasi, anatuambia hapa paliharibika hivi na tulidhani ni vile kumbe ni hivi. Huyo hatuhitaji kumuuliza mengi.

Ngoja niwape mfano wa pampu yenyewe, maana nilikuwepo.

Alikuja binti mmoja kwenye kiwanda nilichokuwa nafanya kazi, wakati wa fildi, yaani hiyo intanshipu, kama nyinyi. Wenzake waligombania chumba cha kontroli kwa sababu kuna AC na skrini kubwa, yeye akapelekwa nyumba ya pampu chini kule bwawani ambako hakuna mtu anapenda kwenda, mbu wengi na njia ina matope. Pampu ile ilikuwa inavuta maji ya kupoozea mitambo. Shida yake ilikuwa inajulikana na kila mtu, inakula sili, kile kifaa kinachozuia maji yasivuje kwenye shafti. Unafunga sili mpya, inakaa kidogo inaanza kuvuja tena, na sote tulikuwa tumeshakubaliana kwamba sili zinazoletwa ni feki, stoo wanalaumiwa, aliyeuza analaumiwa, maisha yanaendelea.

Yeye akaanza na daftari. Kila baada ya saa mbili anaandika presha ya upande wa kutoa maji, ampea za mota, joto la beringi, na sauti. Alitaka pia presha ya upande wa kunyonya lakini geji ya pale ilikuwa imekufa zamani, kioo kimejaa ukungu, mshale umelala. Akaenda stoo kuomba geji. Akaambiwa aje kesho. Akaja kesho. Nafikiri ile geji alipewa kwa sababu mzee wa stoo alichoka kumuona, na mimi nasema hapo ndipo uinjinia wake ulipoanzia, kwa sababu bila ile geji asingejua kitu.

Fundi mmoja wa zamu akamdokeza, mwanangu hii kitu hulia zaidi asubuhi kama usiku kulinyesha. Akaandika. Na kweli, asubuhi za baada ya mvua geji ya kunyonya inashuka sana, ampea zinashuka, presha ya kutoa inachezacheza haitulii, na ukisimama karibu unasikia kama changarawe inapita ndani ya pampu. Nyinyi mnaosoma mekanika hiyo mnaijua darasani, ni kavitesheni. Presha kwenye mdomo wa pampu ikishuka chini mno, maji yanachemka hapo hapo bila moto wowote, yanatoa mapovu, mapovu yakifika ndani kwenye presha kubwa yanapasuka kwa nguvu na kila yanapopasuka yanabandua chuma kidogo. Pampu inatetemeka, na sili ambayo kazi yake ni nyuso mbili laini kugusana bila kuachana haiwezi kuvumilia kutetemeka namna hiyo. Sili haikuwa feki. Kule bwawani, mvua ikinyesha, majani na matope yalikuwa yanakuja kuziba chujio, na pampu ilikuwa inavuta maji kupitia tundu ambalo halipo.

Walipofungua pampu wakaona kwenye mapanga ya impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, vishimo vidogo vidogo vingi, upande mmoja tu. Akavipiga picha kwa ruhusa. Fundi wa kuchomelea akatengeneza chujio kubwa zaidi kwa bati la matundu lililokuwa limelala kwenye skrapu, wakatengeneza mawili ili moja likitolewa kuoshwa lingine liwe ndani. Yule binti akaandika karatasi moja, ukurasa mmoja, ikabandikwa ukutani pale: baada ya mvua angalia geji hii, mshale ukifika hapa toa chujio uoshe. Kwa Kiingereza juu na Kiswahili chini, kwa sababu wale wa zamu ya usiku ndio walioihitaji.

Hakutumia programu yoyote ya kompyuta wala hakufanya hesabu ngumu. Alikaa na kitu kimoja, akakitazama kila siku, akauliza anayekijua, akapima, akaandika. Na wale wenzake wa kontroli walitoka na ripoti nene zenye michoro mizuri iliyotoka kwenye vitabu vya mtengenezaji, sisi tulikuwa nayo tayari kabatini.

Mtaniuliza nitaanzaje, nikifika nachagua vipi. Anza na kibati. Kila mota ina kibati kilichopigiliwa mwilini, kimejaa vumbi, kifute kwa kitambaa usome. Tuseme kimeandikwa kilowati 15, volti 415, Hz 50, kasi 1460, kosain, yaani uwiano wa nguvu halisi, 0.85. Hapo hapo unaweza kujua mengi. Kasi 1460 kwenye Hz 50 inakwambia ni mota ya poli nne, yaani ncha nne za sumaku, maana uga wa sumaku unazunguka mara 1500 kwa dakika na rota, sehemu inayozunguka, inabaki nyuma kidogo. Ampea zake ukizihesabu, chukua ufanisi kama asilimia 90, unapata kama 27 ikiwa na mzigo kamili. Sasa mwombe fundi wa umeme akuwekee klampu mita, kipimo cha ampea kinachozunguka waya kwa nje, wakati mota inafanya kazi. Ikisoma 19, jiulize mbona haijabeba mzigo wake wote, au ilichaguliwa kubwa kuliko kazi. Ikisoma 31 usijiulize sana, nenda kamwambie mtu. Hiyo ni dakika kumi za kazi na tayari una swali lako mwenyewe, sio swali la kitabu.

Pengine penye majibu ni stoo. Hili watu hawaniamini nikisema. Daftari la stoo ndilo historia ya kweli ya kiwanda, kwa sababu kwenye mkutano watu wanaweza kusema mashine iko sawa, lakini beringi namba fulani imetoka stoo mara nyingi mwaka huu na daftari halifichi. Nenda kwa mzee wa stoo, msalimie vizuri, usiende saa nne kukiwa na foleni ya mafundi dirishani, nenda mchana kumepoa, mwambie mzee naomba kujifunza, ni vipuri gani vinaondoka sana hapa? Atakucheka kidogo alafu atakuonyesha. Kitu kinachoondoka sana ndicho kitu chako cha wiki sita.

Na hapa nizungumze juu ya mafundi, na nasema kwa moyo wote. Utamkuta mzee ambaye labda alimaliza S4, kidato cha nne, labda hakumaliza, ameshika ile mashine tangu wewe hujazaliwa. Anaweka bisibisi kwenye nyumba ya beringi, upande wa mpini anaweka sikioni, anakwambia hii haifiki Ijumaa. Na haifiki. Huyo ni mwalimu wako. Usifike pale ukajitambulisha mimi ni injinia, hujawa, na hata ukiwa, pale mbele yake bado wewe ni mtoto. Mwite mzee, mwite mama kama ni mama, msalimie kabla ya kuuliza, mbebee boksi la spana, shika toshi anapoingia chini ya mashine na umulike pale anapotazama yeye, usimulike unapotaka kuona wewe. Chakula cha mchana kaa nao. Posho, yaani ugali, na maharagwe mkila pamoja mtu anakwambia mambo ambayo hawezi kukwambia mbele ya bosi, kwamba ile mashine ilipogongwa na folklifti hakuna aliyeandika, ndiyo maana msingi wake umekaa upande.

Mafundi wetu huku wanatoka kila mahali, Tororo na Mbale, Bungoma ng'ambo ya Malaba, wengine wametoka Kongo, wengine wamezunguka miradi mpaka Tanga wakarudi. Workshop inazungumza Kiswahili. Wale mliokuwa mkikwepa somo la Kiswahili mtajionea wenyewe wiki ya kwanza, mzee akikwambia legeza nati ya chini nusu mzunguko alafu kaza ya juu, huwezi kumwambia subiri nitafute kwenye simu.

Ila kuna wakati wa kuuliza na kuna wakati wa kunyamaza. Mashine imesimama, meneja amesimama hapo mikono kiunoni, magari yamepanga mstari nje yanasubiri mzigo, huo si wakati wa kumuuliza fundi kwa nini umetumia beringi ya namna hii. Tazama tu. Andika maswali yako pembeni. Kesho yake asubuhi kwenye chai muulize yote, atakuwa na furaha kukusimulia maana hata yeye anataka mtu aone alivyoitoa.

Nije kwenye usalama, na hapa sitaki mtu acheke.

Mtu haendi fildi kufa. Volti 415 haijui kama wewe ni mwanafunzi. Kabla hujaingiza mkono popote, swichi kuu imezimwa, imefungwa kufuli, funguo iko mfukoni kwa anayefanya kazi, na kuna kibao kinasema nani yuko ndani. Kufuli moja kwa kila mtu anayeingia, mkiwa watatu kufuli ni tatu. Alafu unapima. Na kupima kuna utaratibu wake: kwanza pima mahali unapojua pana moto wa umeme ili uhakikishe mita yako ni nzima, kisha pima pale unapotaka kugusa, kisha rudi tena pale penye moto uhakikishe mita haijafa katikati. Watu wamepoteza maisha kwa sababu mita ilikuwa na betri mbovu ikaonyesha sifuri. Na hizi draivu za kisasa zinazobadilisha kasi ya mota, ukizima bado zina chaji ndani, zimeandikwa kwenye mfuniko subiri dakika kadhaa, soma zimeandikwa ngapi na usubiri zote. Pete vua. Nywele funga ndani ya helmeti. Lesu na skafu usije nazo karibu na shafti inayozunguka.

Je, ukiambiwa na mkubwa ufanye kitu unachoona ni hatari? Wengi mnaogopa kwa sababu yeye ndiye atakayetia sahihi. Sema hivi, mzee naomba kwanza unionyeshe, sijawahi kufanya hii. Hapo hujamkatalia na hujamvunjia heshima, lakini mkono wako haujaingia. Akisisitiza, rudi nyuma, mpigie mwalimu wako. Alama za fildi zinatafutwa tena mwaka ujao. Kidole hakitafutwi.

Logibuku sasa. Nimesoma logibuku nyingi na nyingi zinasema leo nilisaidia matengenezo, kesho yake nilisaidia matengenezo, Ijumaa usafi. Hiyo inakusaidia nini wiki ya mwisho ukikaa kuandika ripoti? Andika siku hiyo hiyo, kabla hujapanda boda kurudi nyumbani, kwa sababu usiku utalala. Andika mashine ipi, ilikuwa na dalili gani, ilidhaniwa ni nini, ikakutwa ni nini, ilitumia saa ngapi, kipuri gani kiliingia. Chora kwa mkono. Mchoro mbaya wa mkono wako ni bora kuliko picha nzuri ya intaneti kwa sababu ukichora lazima uamue hii bomba inakwenda wapi, na hapo ndipo unagundua hujui, unarudi kuangalia. Picha za simu omba ruhusa kwanza, viwanda vingine ukitoa simu tu umeshafukuzwa.

Niseme na mabinti kidogo, wavulana msikilize pia. Wengi wenu mtafika na mtu atawaambia wewe kaa ofisini utusaidie kuchapa, hii kazi ya chini ina mafuta. Wengine wanasema kwa nia njema kabisa, wanafikiri wanawahurumia. Usikubali siku ya kwanza ipite hivyo, maana siku ya kwanza ikipita ya pili ni tabia. Vaa ovaroli mapema, uwe pale kwenye kikao cha asubuhi cha kugawa kazi, na kazi zikigawiwa sema mimi naomba kwenda na zamu ya mzee fulani leo. Kuleta chai mara moja moja hakumwondolei mtu heshima, sote tulileta, lakini kama kila siku wewe ndiye chai na wavulana ndio spana, hilo mwambie supavaiza wa chuo, liandike kwenye logibuku na tarehe. Na mtu akianza mambo mengine, anakuita baada ya kazi, anakutajia sahihi yake na masharti, hilo halina heshima ya kulinda. Ondoka hapo, mwambie mwalimu, mwambie mzazi, siku hiyo hiyo.

Kuhusu mahali pa kwenda, najua kila mtu anataka sehemu kubwa. Karuma, bwawa la umeme la megawati 600, mashine sita chini ya ardhi, nani hapendi kusema nilikuwa Karuma. Au mafuta kule Hoima, au bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443 na mafuta yenyewe lazima yapashwe moto njiani kwa sababu yana nta, yakipoa yanaganda. Ukipata nafasi hizo nenda, usiwe na wasiwasi. Lakini mahali pakubwa kila kazi ina mwenyewe, na mwanafunzi wa wiki nane mara nyingi ni mtu wa kutazama. Karakana ya Katwe kule Kampala inayotengeneza mashine za kusaga, ofisi ya maji ya wilaya, gereji ya malori hapa Malaba, kituo cha afya chenye sola ya friji ya chanjo, huko siku ya tatu uko chini ya mashine. Mimi ningekuwa mwaka wa pili ningeanza huko, mwaka wa tatu ndiyo niombe pakubwa nikiwa tayari najua kushika mita.

Na kitu kidogo si kitu cha aibu. Wale wanafunzi wa Makerere pamoja na walimu wao mwaka 2011 walitoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Viti viwili tu. Hawakuanza na basi. Lile gari lilikamilika, likatembea barabarani watu wakaliona, na mwaka 2016 ndipo likaja basi la Kayoola lenye sola juu ya paa, leo kuna kiwanda Jinja. Nafikiri kama wangeanza kwa kutaka kila kitu kwa pamoja tungekuwa bado tunasoma pendekezo la mradi.

Pesa, najua mnangoja niseme. Sehemu nyingi hazilipi. Nauli ni yako na chakula ni chako, na kwa mtoto anayepanga chumba mjini huo ni mzigo mkubwa kweli, mimi naona viwanda vinaweza kufanya zaidi, hata chakula cha mchana peke yake kingesaidia. Kwa sasa fanya hesabu kabla ya kukubali. Mahali pa kawaida karibu na kwa shangazi yako ambapo utafika kila siku saa moja asubuhi ukiwa umekula, panakufaa kuliko mahali pa jina kubwa ambapo utakosa siku mbili kila wiki kwa sababu ya nauli. Na uliza mapema kwa heshima, je kuna chakula, je kuna gari la wafanyakazi linalopita upande wangu. Kuuliza hakujamnyima mtu nafasi.

Wiki ya mwisho msiitumie yote kwa ripoti. Ile karatasi moja ya kubaki kiwandani iandikeni kabla ya ripoti ya chuo, muisome na fundi akiwa hapo, arekebishe, kwa sababu yeye ndiye atakayeitumia. Weka jina lake pia juu ya karatasi. Chukua namba yake ya simu, na usiipige siku unayotafuta kazi tu, mpigie Krismasi, mpigie Idi, umuulize ile mashine inaendeleaje.

Kulikuwa na maswali mengi, naandika mawili.

Kijana mmoja aliuliza, mama, je nikifika nikakuta kiwanda kimesimama, hakuna malighafi, watu wamekaa tu? Nikamwambia umebahatika kuliko wenzako. Mashine inayozunguka huwezi kuifungua. Iliyosimama, ikishafungwa kufuli, unaweza kutoa mfuniko, kuhesabu meno ya gia, kupima mkanda umelegea kiasi gani, kufuata bomba kutoka tangi mpaka mwisho wake huku unachora vali moja moja. Viwanda vingi michoro yake haifanani tena na kilichopo, watu wamekata bomba hapa wakaunga pale miaka yote hiyo. Chora ilivyo leo. Supavaiza akiuona huo mchoro atauomba abaki nao, nawe mpe nakala ubaki na wa kwako.

Dada mmoja wa umeme aliuliza kama kitu chake kimoja kinaweza kuwa programu ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, badala ya chuma. Kinaweza kabisa. Ila usianze kwa kuigusa programu. Chukua sensa moja tu inayosumbua, ile inayosimamisha mstari mara kwa mara na watu wanairudisha kwa kubonyeza riseti, andika inasimama saa ngapi, mwanga uko vipi, vumbi liko vipi, waya unapita karibu na kebo gani ya mota. Mara nyingi utakuta programu haina kosa, sensa imejaa vumbi au waya umelegea kwenye skrubu. Na programu ukiambiwa uifungue, hifadhi kopi kwanza kabla hujabadilisha hata nukta, uiandike tarehe, umpe supavaiza kopi moja.

Wale mnaokwenda upande wa Jinja na Namanve, barua zenu za utambulisho ziko kwa mwalimu wa fildi, hakikisheni jina lenu limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana getini wanalinganisha herufi kwa herufi.